Cheti ukutani hakilindi chakula kilicholala

Majuma matatu baada ya afisa wa afya ya umma kukagua jikoni mwa makao fulani ya watoto jijini Nairobi na kuridhika, niliitwa huko usiku wa manane. Karibu nusu ya watoto walikuwa wakiumwa na tumbo na kuendesha. Wachache walitapika. Homa haikuwapo.

Matroni, mama anayewalea watoto hao kama wake wa kuzaa, aliniongoza moja kwa moja hadi jikoni. "Daktari, tazama mwenyewe. Si juzi tu tulikaguliwa?" Hakudanganya. Sakafu iling'aa, sahani zilipangwa zikiwa kavu, na vyeti vya afya vya wapishi vilikuwa vimebandikwa ukutani bila hata kimoja kupitwa na tarehe.

Kosa lilikuwa mahali ambapo afisa anayekuja saa nne asubuhi hawezi kupaona. Jumamosi wageni wenye moyo mwema walileta mbuzi wawili. Nyama ilipikwa jioni katika sufuria moja kubwa, ikachemka na kuiva barabara. Watoto wakala wakashiba. Iliyobaki ikafunikwa, ikaachwa pale pale karibu na jiko hadi Jumapili adhuhuri, kisha ikapashwa moto kidogo na kupakuliwa. Kufikia usiku, matumbo yakaanza kunguruma.

"Lakini ilichemka mbele ya macho yangu," matroni alisisitiza. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, hata majumbani mwetu.

Viini vinavyoamka

Ni kweli kwamba kuchemsha huua viini vingi. Hata hivyo, kuna aina chache zinazojua kujikinga. Mojawapo huitwa Clostridium perfringens, na hupenda sana nyama na mchuzi mzito. Kikiwa kimejificha ndani ya ganda gumu na kulala, kiini hiki huweza kunusurika hata maji yakichemka. Joto likishuka na chakula kikawa vuguvugu, huamka na kuanza kuzaana. Katika joto kinalolipenda, huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi. Piga hesabu: kiini kimoja huwa 64 kwa saa moja, na kwa saa tatu huwa zaidi ya 260,000.

Sufuria ndogo ya nyumbani hupoa upesi. Ile ya makao, yenye chakula cha watoto 40 au 50, huchukua saa nyingi mno. Kwa juu mchuzi waweza kuwa umepoa, kumbe katikati ungali vuguvugu hadi karibu alfajiri. Kifuniko nacho huzidi kuhifadhi ule uvuguvugu.

Mlaji hapati ugonjwa papo hapo. Huchukua kati ya saa 6 na 24, kisha tumbo husokota na kuhara huanza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wale. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba kiini kilikuwa hicho. Sufuria ilikuwa imeoshwa, na nilipofika watoto walikuwa wamekwisha kupewa dawa za kuua bakteria zilizonunuliwa dukani. Hakukuwa na chakula cha kupeleka maabara.

Je, kuipasha nyama hadi ichemke kungesaidia? Kwa kiini hiki, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini usilifanye hilo kuwa tegemeo lako. Wali uliolala nje huweza kuwa na kiini kingine, Bacillus cereus, kinachoacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Hali kadhalika mpishi mwenye kidonda au jipu kidoleni huweza kutia chakulani viini vya stafilokoka, ambavyo sumu yake hustahimili kuchemshwa. Walaji huanza kutapika baada ya saa chache tu. Kiporo cha namna hiyo hata ukikipasha hadi kitokote, viini vitakufa na sumu itabaki.

Kazi ya afisa

Simlaumu afisa wa afya. Kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, anao uwezo wa kuingia na kukagua, na kutoa notisi ya kuondoa jambo linalohatarisha afya. Tangu 2013 kazi hii imekuwa chini ya serikali za kaunti. Akifika hutazama yanapotoka maji na yanapohifadhiwa, choo na mahali pa kunawa mikono, dalili za panya na mende, njia ya moshi, mapipa ya taka, na vyeti vya wapishi. Yote hayo ni ya maana. Makao yasiyo na sabuni karibu na choo hayana haja ya kuzungumzia mambo ya friji.

Lakini afisa huona siku moja, tena mchana. Haoni kilichobaki usiku, wala hajui mpishi aliyeamka akiendesha alifanya nini. Zipo siku nyingi kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, na katika siku hizo zote watoto hula mara tatu.

Isitoshe, mtoto wa makao hawezi kusema, "Leo chakula hiki sikitaki, nitakula kwingine." Wala mzee anayetunzwa katika makao ya wazee hawezi. Mimi na wewe tukikichukia chakula cha hoteli fulani, tunahama. Wao hawana pa kuhamia, na wengine miili yao ni dhaifu kiasi kwamba kuhara kunakompotezea mtu mzima siku moja ya kazi kwaweza kuwaua.

Vyeti vya wapishi

Hapa Kenya wapishi hutakiwa kupimwa kila miezi sita ili wapewe cheti cha afya. Ni utaratibu mzuri iwapo mtu amepimwa kweli, si kwamba amenunua karatasi. Hata aliyepimwa kweli, cheti chake hueleza hali yake siku ile tu.

Mfano mashuhuri ni wa Mary Mallon, mpishi wa New York. Mwaka 1907 iligunduliwa kwamba alibeba viini vya homa ya matumbo ilhali yeye mwenyewe alikuwa mzima wa afya, na jamaa kadhaa alizozipikia zilikuwa zimeugua. Alitengwa, kisha akaachiliwa 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wazazi kwa jina jingine, baada ya watu 25 kuugua. Alitengwa tena hadi alipofariki 1938.

Watu wa aina yake wapo hata leo, na viini havionekani katika choo chao kila siku. Kwa hivyo kipimo kimoja chaweza kumpita mtu kama huyo. Kinachowalinda walaji ni mikono iliyonawiwa kwa sabuni kila mara, pamoja na ruhusa ya mpishi kusema "Leo naendesha" bila kukatwa mshahara. Mpishi wa kibarua anayelipwa kwa siku atanyamaza, naye atapika.

Usisahau stoo

Mahindi na njugu huhitaji jicho la pekee. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini kutoka kwa mahindi yaliyoota ukungu iliwapata watu 317 katika iliyokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Kupika hakuiondoi sumu hii. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Mahindi yenye ukungu yasipewe mtu, na hata yanayoonekana safi yaweza kuwa na sumu. Hivyo makao yanayopokea magunia mengi yamwombe afisa wa afya ayapeleke yakapimwe.

Kadhalika maharagwe mekundu yasiyoiva, kwa sababu ya kubana kuni, huleta kutapika kwa saa chache. Yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto.

Ukaguzi wa kila siku

Ushauri wangu kwa kila matroni ni huu: usimngojee afisa. Nunua daftari na kipimajoto cha chakula, kisha ujikague mwenyewe kila jioni.

Pika kinachotosha siku hiyo. Hiyo ndiyo njia rahisi kupita zote, hasa kwa makao yasiyo na friji. Chakula kinachongoja kupakuliwa kisishuke chini ya nyuzi joto 60. Kikibaki, kigawanye mara moja katika vyombo vipana, kina kisichozidi vidole vinne, uviweke ndani ya beseni la maji baridi na kukoroga. Kiingie friji kabla ya saa mbili kwisha, na friji yenyewe iwe chini ya nyuzi 5. Kikipashwa, kichemke hadi katikati, tena mara moja tu.

Mwenye friji aweke pia kiasi kidogo cha kila mlo katika chombo safi chenye tarehe, akihifadhi kwa siku tatu. Watoto wakiugua, hicho ndicho kitakachotueleza ukweli ambao mimi sikuupata usiku ule.

Na wakiugua, cha kwanza ni maji yenye chumvi za ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara. Dawa za kuua bakteria zisitolewe kwa kukisia. Mtoto mwenye damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, homa kali, au anayeharisha maji kama ya mchele apelekwe hospitalini bila kukawia. Watu wawili au zaidi wakiugua pamoja, mwarifu afisa wa afya siku hiyo hiyo. Wengi huficha kwa kuogopa kufungiwa. Kuficha ndiko kunakoweza kuzika mtoto.

Nawe msomaji unayezuru makao mwishoni mwa juma na zawadi, jua kwamba ukarimu wako waweza kumlemea mpishi. Piga simu kwanza, uulize kama wana mahali pa kuhifadhi nyama. Kama hawana, peleka unga, mchele, mafuta au sabuni, ama mbuzi mmoja atakayeliwa akaisha. Au wanunulieni friji.

Watoto wale walipona wote baada ya siku mbili. Nilipozuru tena, vyeti vilikuwa vingali ukutani, na chini yake kulining'inia daftari kwa uzi. Mpishi alikuwa ameandika: "Maharagwe yamekwisha. Hakuna kilicholala."