Homa ya nguruwe: Maabara yafichua njia ya ugonjwa

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na inaweza kumaliza banda zima. Mlipuko ulioanzia Kyela, mkoani Mbeya, mwishoni mwa mwaka 2010 ulifika Dar es Salaam mwaka 2011. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walipima vinasaba vya kirusi katika sampuli za nguruwe. Kote kilionekana kirusi kimoja, cha kundi la pili, sawa na kile kilichoingia Georgia mwaka 2007. Hiyo ni dalili kwamba ugonjwa ulisafirishwa barabarani pamoja na nguruwe. Mfanyabiashara anayekwepa kibali cha kusafirisha mifugo huokoa fedha kidogo. Karantini ikitangazwa, mnada husimama na mtaji hukwama bandani.