Fikira Nzito na Afya ya Mwili

Mkulima aliyekwisha kupeleka mazao yake ghalani, naye hajui malipo yatafika lini, huweza kukosa usingizi, kuumwa kichwa na kupoteza hamu ya kula. Majirani husema, "Hana ugonjwa, ni mawazo tu." Usemi huo una kasoro, kwani mawazo nayo hufanya kazi ndani ya mwili, na kazi hiyo hupimika.

Mtu anaposhtuka au kukasirika, ubongo huziamuru tezi mbili zilizo juu ya mafigo zitoe adrenalini. Moyo hupiga upesi, shinikizo la damu hupanda, na uyeyushaji wa chakula hupungua. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915. Matayarisho hayo humfaa aliyekutana na chui shambani, maana humpa nguvu za kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini deni halikimbiwi wala halipigwi rungu. Hulala na mtu na kuamka naye. Hapo homoni nyingine ya tezi hizo, iitwayo kotisoli, huweza kuendelea kutoka kwa wingi na kuidhoofisha kinga ya mwili.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio dogo. Wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wasio na mzigo huo, walitiwa mkononi kidonda kidogo cha ukubwa ule ule. Vidonda vya wale wauguzaji vilipona kwa wastani wa siku 49 hivi. Vya wenzao kwa siku 39.

Hata hivyo, yafaa kujihadhari na kosa la upande wa pili. Si kila ugonjwa huletwa na fikira. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilidhaniwa kuwa matunda ya wasiwasi. Kuanzia mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria, ambao huuawa kwa dawa. Hivyo, mwenye maumivu ya kifua au ya tumbo na aende zahanati akapimwe. Na aliyepewa dawa za shinikizo la damu asiziache kwa kuwa tu amejisikia mtulivu.

Kamati za vyama vya msingi nazo zina sehemu yao. Katibu anayebandika ubaoni uzito uliopokelewa, bei na hali ya malipo, na kutangaza mapema fedha zinapochelewa, hamlipii mkulima deni lake. Lakini humwondolea mzigo wa kubahatisha kila usiku, na mzigo huo hauna faida kwa mkulima wala kwa chama.