Vyama Vingi Vilipotoweka: Somo kwa Kamati Zetu



Katika ziara zetu za miradi Maposeni na vijiji jirani, wajumbe wa kamati hutuuliza: je, vyama vingi vilianza mwaka 1992? Hapana. Mwaka huo vilirudi.

Kabla ya Uhuru
TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1956 ikaundwa UTP, iliyoungwa mkono na serikali ya kikoloni. Mwaka 1958 Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaanzisha ANC, kwa kupinga uchaguzi wa kura tatu uliomtaka kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

Vilitowekaje?
Kwanza, kwa kura. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo bila kupingwa. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais akapata kura 21,000 hivi. Mwalimu Nyerere alipata zaidi ya milioni 1.

Pili, kwa sheria. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Katiba ya 1965 ikabakiza TANU Bara na ASP Zanzibar.

Marafiki zetu wa Ujerumani huuliza kama ilikuwa sawa na kwao mwaka 1933, vyama vilipopigwa marufuku na wapinzani kupelekwa makambini. Haikuwa sawa. Mwaka 1965 majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, kwa alama za jembe na nyumba, na hata mawaziri waliangushwa.

Hapa Songea
Hata hivyo gharama ilikuwepo. Umoja wa vijiji vya Ruvuma, RDA, ulioanzia Litowa, ulilima kwa pamoja na kwa hiari, na Mwalimu mwenyewe aliuunga mkono. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja na mali zake zikachukuliwa. Hapakuwa na chama kingine cha kuhoji uamuzi huo bungeni.

Kwa kamati zetu
Wengi wakishinda kwa haki, bado wachache wanahitajika. Tunaziomba kamati za sharika ziandike maoni ya wanaopinga kwenye muhtasari wa kila kikao, na wafadhili waombe kuyasoma pamoja na hesabu.