Kesi ya S.M. Otieno: Kwa nini machozi hayakumyumbisha Jaji Bosire

FAMILIA inapogombania maiti, iwe Cheptiret nje kidogo ya Eldoret au Siaya, mawakili bado huitaja kesi iliyotikisa Kenya mwaka wa 1987.

Wakili mashuhuri S.M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, mpigania uhuru wa jamii ya Wakikuyu, alitaka kumzika Matasia, Ngong, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Joash Ochieng' Ougo, nduguye marehemu, pamoja na ukoo wa Umira Kager, walishikilia kwamba Mjaluo huzikwa kwao. Kwake Otieno, Nyalgunga.

Jaji Frank Shields alimpa mjane idhini, lakini Mahakama ya Rufaa ikaitangua na kuagiza kesi isikilizwe kikamilifu. Faili ikamfikia Jaji S.E.O. Bosire.

Umati ulifurika mahakamani Nairobi. Hata hivyo, jaji hakuletewa swali la nani aliyempenda marehemu zaidi, bali la sheria ipi inayotawala mazishi yake. Wakili wa mjane, John Khaminwa, alisema Otieno aliishi maisha ya kisasa, hivyo mila hazikumhusu. Richard Kwach, wakili wa ukoo, alitegemea mila, na mwanafalsafa Odera Oruka alikuwa miongoni mwa mashahidi.

Sheria ya Kenya huzitaka mahakama kuongozwa na mila katika kesi za madai, mradi mila hizo hazikiuki haki. Jaji Bosire aliishika kanuni hiyo bila kulegeza. Februari 13, 1987, aliamua kwamba elimu na ndoa havikumwondolea Otieno Ujaluo wake. Majaji Nyarangi, Platt na Gachuhi waliunga mkono uamuzi huo Mei 15. Otieno alizikwa Nyalgunga Mei 23, miezi 5 baada ya kufa, mjane wake akiwa hayupo.

Hapo ndipo penye funzo. Jaji mkali hutoa kile tu ambacho sheria inacho, na wakati huo sheria ilimpa mjane kidogo. Katiba ya 2010 imebatilisha mila yoyote inayoipinga na kuwapa wanandoa haki sawa. Hata hivyo, maiti si mali ya kurithiwa, na matakwa ya marehemu huzingatiwa na mahakama bila kuifunga. Heri wenye nyumba wakubaliane mapema, kabla jaji hajaamua kwa niaba yao.