Maneno ya Kuomba katika Kiingereza

Kila lugha ina adabu yake ya kuomba. Sisi katika Kiswahili twasema kuomba, kusihi, kurai na kubembeleza, nasi twajua kwamba maneno hayo hayana uzito mmoja. Mtoto humbembeleza mama yake ampe sukari, lakini mshitakiwa hambembelezi hakimu. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Mtu asiyejua kuyapima maneno yake aweza kuandika barua yenye shida ya kweli, na msomaji akacheka badala ya kumhurumia.

Neno la kwanza ni "ask". Hili ni neno la kila siku, halina unyenyekevu wala kiburi: "I asked him for a book", yaani, nalimwomba kitabu.

La pili ni "request", neno la ofisini na la barua. Hapa wengi hukosea, wakaandika "I request for leave". Neno hili likiwa kitendo halifuatwi na "for"; andika "I request leave", yaani, naomba ruhusa. Likiwa jina, ndipo "for" hufuata: "my request for leave", ombi langu la ruhusa.

La tatu ni "beg". Hilo ni neno la maskini aombaye njiani, lakini katika adabu uzito wake umepungua. Mtu akikuambia "I beg your pardon", hakupigii magoti. Asema tu, samahani, au, sikusikia vema, sema tena. Zamani barua za kuomba kazi zilianza kwa "I beg to apply", zikaisha kwa "your obedient servant", yaani, mtumishi wako mtiifu. Siku hizi maneno hayo yamechakaa.

Sasa twafika kwenye maneno mazito. "Entreat" lilitoka katika Kifaransa, kama maneno mengi yaliyoingia baada ya watu wa Normandy kuishinda Uingereza mwaka 1066. "Beseech" ni Kiingereza cha asili, nalo limeundwa kwa "seek", kutafuta. Kwa hiyo kama "seek" huwa "sought", "beseech" huwa "besought". "Implore" ni la Kilatini, na ndani yake mna kitendo cha kulia. Aombaye hivyo ni kama aombaye kwa machozi. "Supplicate", la Kilatini pia, ni kuomba kwa kupiga magoti, nalo huonekana zaidi vitabuni. Mama ambaye mtoto wake anazama humsihi mwenye mashua kwa neno "implore". Lakini mwanafunzi akilitumia kuomba kalamu, darasa zima litacheka, na haki yao.

Liko pia "plead", neno la barazani mwa hakimu. Usiseme "I plead you". Mtu aombwaye hutanguliwa na "with", na kitu kiombwacho na "for": "She pleaded with the judge for mercy", yaani, alimsihi hakimu amhurumie.

Mwisho ni "petition", ombi liandikwalo na kupelekwa kwa wenye mamlaka, mara nyingi kwa ajili ya watu wengi. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1689 ilithibitisha kwamba raia ana haki ya kumpelekea mfalme ombi, wala asishitakiwe kwa sababu hiyo. Hata kwetu neno hili lina habari yake. Mwaka 1951 Wameru wa Tanganyika walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wenyeji wa nchi za namna hiyo waliruhusiwa kupeleka maombi yao huko. Basi mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akasimama mbele ya wajumbe wa mataifa, akaeleza shida ya watu wake. Hakurudi na nchi mkononi, lakini dunia ilisikia. Aombaye kwa adabu si mwoga. Aweza kuwa mtu anayedai haki yake.

Basi, unyenyekevu hauko katika kurundika maneno mazito. Tuseme karo yako haijatimia kwa kuwa baba ameugua. Ukiandika "I most humbly beg, beseech and implore", mwalimu mkuu atachoka kabla hajajua utakalo. Andika hivi: "I should be grateful if you would allow me to pay the rest of my fees in July, because my father has been ill." Hapo umetaja haja, wakati na sababu, na neno "grateful" limekwisha kutoa shukrani. Wazee walisema, mwomba chumvi huombea chunguche. Basi mwonyeshe msomaji hicho chungu.

Zoezi

1. Sahihisha: "I request for a new book."
2. Sahihisha: "He pleaded the chief."
3. Andika kwa Kiingereza barua fupi ya kuomba ruhusa ya siku mbili ili kumwuguza bibi yako. Taja haja, wakati na sababu.