Mwenye ulemavu akikamatwa, kiti chake kisiachwe barabarani

Githurai 45, upande wa Ruiru katika kaunti ya Kiambu, ni steji na soko kwa pamoja. Kando ya barabara kuu ya Thika wachuuzi hupanga bidhaa zao, na askari wakivamia, mwenye miguu mizima hutoroka. Anayebaki ni yule wa magongo au kiti cha magurudumu. Sisi wa Kongowea na Marikiti hali hiyo twaijua, kwa hivyo naona ni vyema tuelezane sheria.

Kwanza, ulemavu haumkingi mtu asikamatwe akishukiwa kwa kosa. Lakini kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chataka aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa. Kwa viziwi wengi lugha hiyo ni ya ishara. Polisi akimpigia kelele kiziwi naye asijibu, huo si ukaidi. Na akimfunga pingu mikono nyuma, amemfunga viungo anavyosemea. Ni sawa na kumziba mdomo.

Pili, kifungu cha 24 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai chasema aliyekamatwa asizuiwe kupita kiasi kinachohitajika ili asitoroke. Nauliza: asiyeweza kusimama bila magongo atatorokea wapi? Kifungu cha 54 cha Katiba nacho champa haki ya kuheshimiwa na kupata vifaa vya kumsaidia. Kumrusha ndani ya gari na kuacha kiti chake barabarani ni kumwondolea miguu. Kiti kiende naye.

Tatu, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kwisha, au siku inayofuata ya mahakama iwapo saa hizo zimeishia siku isiyo ya kazi. Katika muda huo ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwengine ambaye msaada wake unahitajika. Kwangu mimi, mkalimani wa ishara, au jamaa anayemsaidia kwenda msalani, ni mtu wa aina hiyo hasa.

Ukishuhudia dhuluma, andika namba ya gari, saa, mahali na jina la kituo. Ikiwa ni polisi, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ikiwa ni askari wa kaunti, IPOA si mlango wake. Nenda kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au mahakamani.

Waislamu twaijua Sura ya Abasa, iliyoteremshwa kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu na akageuziwa uso. Ikiwa kukunjiwa uso pekee kulitosha kuteremshiwa aya, basi kumburura mtu asiyeweza kusimama si jambo la kutazamwa na simu mkononi, kisha tukaenda zetu.