Nani Atanunua Uhai wa Msitu?

Katika pwani ya kusini ya nchi jirani ya Kenya, kwenye Kaunti ya Kwale, viko vijiji viwili viitwavyo Gazi na Makongeni. Wakazi wake wengi ni wavuvi na wakulima wadogo. Tangu mwaka 2013 wanavijiji hao wamekuwa wakiuza bidhaa ambayo wazee wao hawakuifikiria. Hawauzi boriti wala kuni za mikoko, bali wanauza kule kuiacha mikoko hiyo isimame. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, hasa na askari wa jeshi na polisi. Wengi wao wana ardhi ya ukoo huko makwao, tena wao ndio huitwa kwanza pale mgogoro wa ardhi unapofikia hatua ya marungu na mapanga.

Bidhaa yenyewe ni hati. Hati ya aina ya kwanza, ambayo soko lake limekomaa zaidi, ni ya hewa ya ukaa. Hati moja huwakilisha tani moja ya hewa hiyo iliyonyonywa na miti au iliyozuiwa isipande angani. Aina ya pili, ambayo bado ni changa, ni hati ya bayoanuwai, yaani ushahidi kwamba mimea na wanyama wa mahali fulani wamehifadhiwa au wameongezeka. Tani ya hewa ni tani popote duniani, lakini ndege wa Kwale hawezi kuwekwa katika mizani moja na chura wa Usambara. Kwa sababu hiyo hati za bayoanuwai ni ngumu zaidi kupata mnunuzi.

Mnunuzi huletwa na mambo mawili: sheria au hiari. Huko England, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 ndiyo inayomleta. Tangu tarehe 12 Februari 2024, miradi mingi ya ujenzi inalazimika kuacha uhai wa asili ukiwa umezidi kwa asilimia 10 kuliko ulivyokuwa kabla ya ujenzi. Mjenzi asiyeweza kutimiza hayo katika kiwanja chake hununua kutoka kwa mwenye ardhi mwingine. Naye mwenye ardhi hufungwa na mkataba wa kuitunza ardhi hiyo kwa muda usiopungua miaka 30, na ardhi huandikishwa katika daftari la serikali. Mwenye shamba wa huko anajua wa kumwendea.

Huku Afrika ya Mashariki hali ni tofauti. Wanunuzi wengi ni makampuni na watu binafsi wa nchi za mbali wanaonunua kwa hiari, ama kufidia moshi wanaoutoa, ama kulinda jina lao. Mnunuzi wa namna hiyo hana ulazima, na akitia shaka huondoka. Kwa hiyo muuzaji hana budi kujenga imani kwanza, na hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Gazi.

Kwanza walipata haki. Mikoko ni mali ya umma, hivyo wanavijiji waliingia mapatano na idara ya misitu ya Kenya ili washiriki kuitunza. Pili, msitu ulipimwa. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walikuwa wameichunguza mikoko ya Gazi kwa miaka mingi, na mradi ulihusu hekta 117, wenye kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Tatu, walipata cheti cha shirika la Plan Vivo, ambalo halikubali maneno matupu bila ukaguzi. Nne, walipata wakala. Mvuvi wa Gazi hakupanda ndege kwenda kubisha hodi Ulaya. Chama kimoja cha hisani huko Scotland ndicho kinachowatafuta wanunuzi. Fedha zinaporudi, wanavijiji hukutana na kuamua matumizi yake, na zimekwisha kusaidia miradi ya maji na vifaa vya shule. Mfano huo umefuatwa huko Vanga, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, katika msitu wenye zaidi ya hekta 400.

Lakini si kila mahali mambo yamekwenda shwari. Mwezi Januari 2025 mahakama ya ardhi ya Kenya, katika shauri lililohusu hifadhi mbili za jamii za Kaunti ya Isiolo, iliamua kwamba hifadhi hizo zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Malisho ya hifadhi mojawapo yalikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa hewa ya ukaa. Mnunuzi alikuwa amepatikana, lakini wenye ardhi hawakuwa wameulizwa sawasawa. Kabla ya uamuzi huo, mwaka 2023, Kenya ilikuwa imekwisha kurekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi ili miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato.

Funzo liko wazi. Kutafuta mnunuzi ni kazi ya mwisho, wala si ya kwanza. Mtu anayefika kijijini na karatasi ya kutiwa saini, kabla msitu haujapimwa na kabla wenye ardhi hawajakutana, hastahili kuaminiwa. Aulizwe mkataba ni wa miaka mingapi, fungu la kijiji ni kiasi gani, malisho na kuni vitapatikana wapi, na hasara itakuwa ya nani iwapo hati hazitanunuliwa.

Askari anayekwenda likizo anaweza kukuta karatasi kama hizo mezani kwa baba yake. Amsomee mzee neno kwa neno, kabla kidole hakijatiwa wino. Kufanya hivyo nako ni kulinda amani, kwa maana mkataba uliofahamika leo huzuia ugomvi ambao kesho ungehitaji askari kuuzima.